Kutoka Daftari la Samaki hadi Hifadhidata: Mwongozo kwa Mwanafunzi

Mwanafunzi anayetakiwa kutengeneza hifadhidata kwa ajili ya mradi wake, awe wa sekondari au wa chuo, mara nyingi huchagua jambo kubwa asilolijua. Huandika kwamba atajenga mfumo wa benki au wa hospitali, ilhali hajawahi kukaa upande wa pili wa dirisha la benki, wala hajui muuguzi huandika nini kwenye kadi ya mgonjwa. Majedwali yake yote huwa yametungwa kichwani na kujazwa data iliyotungwa kichwani, na mtahini akimwuliza kwa nini safu fulani ipo, hana la kujibu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao nautilia mkazo kuliko mengine yote, ni kuchagua kazi unayoweza kuifikia kwa miguu na kuiona ikifanywa. Hapa Lamu kazi za namna hiyo ni nyingi: maboti ya abiria yanayovuka kwenda Mokowe, vitabu vinavyoazimwa madrasa, mbao wanazonunua mafundi wa vyombo vya baharini kule Matondoni. Katika mwongozo huu nitafuata mfano mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni daftari la samaki wanaoshushwa pwani.

Istilahi chache zinatosha. Hifadhidata, ambayo wengine huiita kanzidata, ni mkusanyiko wa majedwali yanayohusiana. Ndani ya jedwali, nitaita mstari zile habari za kitu kimoja zinazosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na nitaita safu zile habari za namna moja zinazoshuka kutoka juu kwenda chini, kama safu ya tarehe au safu ya kilo.

Kaa na karani kabla ya kugusa kompyuta

Sehemu za kushusha samaki husimamiwa na vikundi vya wavuvi vinavyojulikana kwa jina la BMU (Beach Management Unit), vilivyowekewa kanuni zake mwaka 2007, na miongoni mwa kazi zao ni kuweka kumbukumbu za samaki wanaoletwa. Wafanyabiashara nao huwa na madaftari yao. Nenda kwa mmojawapo, ueleze kwamba wewe ni mwanafunzi, uombe ruhusa, na usiende wakati mizani inafanya kazi, kwa maana wakati huo hakuna atakayekusikiliza. Subiri vyombo viishe kushusha na watu watulie, ndipo uamkie na ukae.

Omba kuona kurasa tatu za daftari, usiridhike na moja, kisha unakili vichwa vya safu jinsi vilivyo bila kuvirekebisha. Kwa kawaida utakuta tarehe, chombo, nahodha, samaki, kilo, bei na jumla. Usimwulize karani anataka kompyuta imfanyie nini, kwa kuwa swali hilo humlazimisha kukisia. Mwulize hulifungua daftari kutafuta nini. Je, hutafuta deni la mtu? Hutafuta chombo gani kilileta pweza wiki iliyopita? Hulinganisha miezi ya kusi na miezi ya kaskazi? Majibu hayo ndiyo yatakayokuwa maswali ya hifadhidata yako, na ukiyaandika siku hiyo hiyo kwa maneno yake mwenyewe, umemaliza sehemu ngumu ya mradi.

Utagundua pia kwamba daftari halisemi kila kitu. Karani mmoja niliyekaa naye aliniambia, “Mwanangu, samaki wa kitoweo mimi siandiki, hao ni wa nyumbani.” Maana yake ni kwamba kilo zilizomo daftarini ni za samaki waliouzwa, si za samaki wote waliovuliwa, na mwanafunzi asiyelijua hilo ataipa ripoti yake kichwa cha uongo. Mwingine alinionyesha kwamba samaki wadogo huuzwa kwa mtungo, hawapandi mizani kabisa, lakini namba zao zilikuwa zimeandikwa katika safu ile ile ya kilo. Jambo la tatu lilinigusa zaidi: chombo kilichorudi mikono mitupu hakikuandikwa popote. Nitalirudia hilo baadaye, kwa sababu linaharibu hesabu bila mtu kutambua.

Saa zinahitaji uangalifu wa pekee katika pwani yetu. Karani akiandika “saa 2” amekusudia saa mbili ya Kiswahili, ambayo huenda ni ya asubuhi au ya usiku, wakati kompyuta ikisoma 02:00 huelewa saa nane za usiku. Amua tangu mwanzo kwamba ndani ya hifadhidata saa zitawekwa kwa mtindo wa saa 24, yaani saa mbili asubuhi iwe 08:00 na saa tatu usiku iwe 21:00, na uandike uamuzi huo kwenye ripoti. Tarehe nazo zina mtego wake. Kwa wengi wetu siku huanza magharibi, hata “usiku wa Ijumaa” ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi, lakini kompyuta hubadili tarehe saa sita usiku. Chombo kilichotoka Alhamisi jioni kikarudi Ijumaa alfajiri kina tarehe gani? Mimi hupendekeza tarehe ya kushusha, kwa kuwa ndiyo anayoishuhudia karani kwa macho yake.

Mstari mmoja ni nini?

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kulihamisha daftari zima kuwa jedwali moja pana lenye safu kumi na mbili. Linaonekana kazi iliyokamilika, lakini hebu litazame vizuri. Mashua ikirudi na changu, tewa na pweza, jina la mashua, la nahodha na namba yake ya simu vitaandikwa mara tatu kwa safari moja. Nahodha akibadilisha laini, itakupasa kuipekua mistari mamia, na ukiisahau mmoja, hifadhidata itakuwa na namba mbili kwa mtu mmoja bila kujua ipi ni ya kweli. Zaidi ya hayo, huwezi kumsajili nahodha mpya mpaka avue samaki, na ukifuta safari yake ya pekee, umemfuta na yeye mwenyewe.

Dawa yake ilitolewa na Edgar F. Codd, mtaalamu mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM kule San Jose, Marekani, ambaye mwaka 1970 alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali yanayohusiana. Mwanafunzi hana haja ya kukariri kanuni zake zote ili kufaidika nazo. Anahitaji kujiuliza, mbele ya kila safu, habari hii ni ya kitu gani hasa. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya kale ya Amu ataelewa haraka: ukutani mna zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, na kila chombo cha nyumbani kina kidaka chake, hakiwekwi mara mbili na hakichanganywi na kisichokihusu. Habari nayo iandikwe mara moja, mahali pake.

Tulijaribu hilo kwa daftari letu. Jina la chombo na aina yake, kama ni mashua, dau, mtori au hori, ni habari za chombo. Jina na simu ni habari za nahodha. Tarehe na saa ya kurudi ni habari za safari. Kilo za tewa si habari za tewa wala za safari peke yake. Ni habari za tewa katika safari hiyo. Kwa hiyo tunapata majedwali matano: vyombo, manahodha, samaki, safari na mavuno, ambapo mstari mmoja wa mavuno ni aina moja ya samaki iliyoshushwa katika safari moja. Ukishindwa kuikamilisha sentensi “mstari mmoja wa jedwali hili ni…” kwa maneno machache yaliyo wazi, jedwali hilo halijaiva.

Mahali pawili panahitaji kufikiriwa kwa utulivu zaidi. La kwanza ni nahodha. Wanafunzi wengi humweka katika jedwali la vyombo, kwa kuwa mashua ile wanaijua na nahodha wake wanamjua. Lakini nahodha huugua, husafiri, hupewa chombo kingine, na siku utakapobadilisha jina lake katika jedwali la vyombo, safari zote za zamani zitaonekana kana kwamba ziliongozwa na mtu mpya. Nahodha ni wa safari, si wa chombo. La pili ni bei. Kuiweka bei katika jedwali la samaki, kwamba changu ni shilingi kadhaa kwa kilo, kunapendeza macho kwa sababu inaandikwa mara moja tu, lakini bei ya leo si ya kesho, na kila utakapoirekebisha utakuwa umebadilisha mapato ya mwezi uliopita ambayo watu walikwisha kugawana. Bei ni ya mstari wa mavuno. Hapa mwanafunzi huniuliza kama huko si kurudia habari, nami humjibu kwamba bei ya Jumatatu na bei ya Jumanne ni habari mbili tofauti hata zikiwa na tarakimu zile zile.

Safu ya jumla iache nje kabisa. Kilo zikizidishwa kwa bei hutoa jumla, na kompyuta inaweza kuzidisha kila inapoulizwa. Ukiihifadhi, siku moja mtu atasahihisha kilo na kusahau jumla, na daftari litajipinga lenyewe.

Funguo

Kila jedwali linahitaji ufunguo wa msingi, yaani safu ambayo thamani yake haijirudii na inayotambulisha mstari mmoja peke yake. Usitumie majina. Vyombo viwili vinaweza kuitwa Tawakali, kimoja cha Shela na kingine cha Kizingitini, na majina kama Mohamed Ali yanaweza kuwa ya watu watatu katika mtaa mmoja. Namba ya usajili inavutia zaidi, lakini inaweza kubadilishwa au kukosekana kwa hori dogo, na ufunguo haupaswi kubadilika. Tumia namba ya kawaida inayotolewa na hifadhidata yenyewe, isiyo na maana nyingine yoyote.

Jedwali linapohitaji kurejelea jingine, huibeba namba hiyo. Safari haiandiki “Tawakali” bali huandika namba ya chombo, na namba hiyo ikiwa ndani ya jedwali la safari huitwa ufunguo wa kigeni. Chora visanduku vitano kwenye karatasi, uviunganishe kwa mistari, na kila mwisho wa mstari uandike kama ni kimoja au vingi: chombo kimoja kina safari nyingi, safari moja ina mavuno mengi, samaki wa aina moja hutokea katika mavuno mengi. Michoro ya namna hii ilianzishwa na Peter Chen mwaka 1976, na mtahini yeyote ataitafuta katika ripoti yako. Mpelekee karani mchoro huo kabla ya kuendelea. Mfuatilie kidole chake anapousoma, kwa maana pale atakaposimama na kuuliza ndipo penye kosa.

Kujenga

Kwa mradi wa kisiwani napendekeza programu ya hifadhidata iitwayo SQLite, ambayo D. Richard Hipp aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Haina malipo, haihitaji intaneti wala seva, na hifadhidata nzima hukaa katika faili moja linaloweza kubebwa kwa flashi. Pamoja nayo pakua programu iitwayo DB Browser for SQLite, ambayo pia ni ya bure, ili uone majedwali yako kwa macho. Shule yenye Microsoft Access au LibreOffice Base inaweza kutumia hizo, usanifu haubadiliki.

Amri zifuatazo zinajenga majedwali matatu kati ya matano. Ya manahodha na samaki utayaandika mwenyewe kwa kufuata mfano wa vyombo, na uyatangulize pamoja na vyombo kwa kuwa mengine yanayategemea.

PRAGMA foreign_keys = ON;

CREATE TABLE vyombo (
  chombo_id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  aina TEXT NOT NULL,
  usajili TEXT UNIQUE
) STRICT;

CREATE TABLE safari (
  safari_id INTEGER PRIMARY KEY,
  chombo_id INTEGER NOT NULL REFERENCES vyombo (chombo_id),
  nahodha_id INTEGER NOT NULL REFERENCES manahodha (nahodha_id),
  tarehe TEXT NOT NULL CHECK (tarehe LIKE '____-__-__'),
  saa TEXT
) STRICT;

CREATE TABLE mavuno (
  mavuno_id INTEGER PRIMARY KEY,
  safari_id INTEGER NOT NULL REFERENCES safari (safari_id),
  samaki_id INTEGER NOT NULL REFERENCES samaki (samaki_id),
  kiasi REAL NOT NULL CHECK (kiasi > 0),
  kipimo TEXT NOT NULL CHECK (kipimo IN ('kilo', 'mtungo')),
  bei INTEGER NOT NULL CHECK (bei >= 0)
) STRICT;

Mstari wa kwanza kabisa usiupuuze. SQLite kwa kawaida yake hailindi funguo za kigeni mpaka uiamuru, na inabidi kuamriwa kila faili linapofunguliwa. Bila amri hiyo itakubali safari ya chombo namba 99 hata kama chombo hicho hakipo duniani.

Neno STRICT mwishoni lina sababu yake pia. Bila neno hilo, SQLite hukubali maandishi ndani ya safu ya namba, na mtu akiandika “tano” badala ya 5 kwenye kiasi, sharti la kwamba kiasi kizidi sifuri litapita, kwa kuwa katika upangaji wa SQLite maandishi huhesabiwa kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Kosa hili nililiona katika mradi ambao ulikuwa umekwisha kufungwa na kutiwa jalada. Neno hilo linafanya kazi kuanzia toleo la 3.37 la mwaka 2021, basi hakikisha programu yako si ya zamani kuliko hapo.

Tarehe zimeandikwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2025-01-09. Mtindo huu huonekana mgeni kwa anayezoea 9/1/2025, lakini ndio pekee kati ya hiyo miwili ambao ukipangwa kama maandishi hukaa pia kwa mpangilio wa wakati. Namba ya simu nayo iwe maandishi, kwa sababu safu ya namba itaila sifuri ya mwanzo. Bei ni shilingi nzima, kwa hiyo INTEGER inafaa. Usajili unaruhusiwa kuachwa wazi, na kuachwa wazi si sawa na sifuri wala si sawa na neno “hakuna”. Ni kukiri kwamba hatujui.

Kuingiza data

Anza na majedwali yanayorejelewa, yaani vyombo, manahodha na samaki, kisha safari, na mwisho mavuno. Ukikosea mpangilio hifadhidata itakukatalia, na kukukatalia huko ni dalili kwamba ulinzi unafanya kazi. Katika DB Browser kumbuka kwamba ulichoandika hakijahifadhiwa mpaka uthibitishe mabadiliko, na kwa kuwa umeme unaweza kupotea wakati wowote, thibitisha kila baada ya ukurasa mmoja wa daftari.

Majina ya samaki yatakusumbua kuliko chochote. Anayeitwa chewa kwingine, hapa kwetu ni tewa, kama vile nchi ilivyo nti, na daftari lililoandikwa na mikono miwili litakuwa na yote mawili. Kompyuta haijui kwamba ni samaki mmoja. Itakupa kilo za chewa na kilo za tewa mbalimbali, na kila hesabu itakuwa pungufu. Usijitwike kazi ya kuamua Kiswahili kipi ni bora. Chagua jina analotumia karani, liweke katika jedwali la samaki, na mwingizaji achague kutoka orodha hiyo badala ya kuandika upya. Kama majina yote mawili yana watumiaji, ongeza jedwali dogo la majina mengine, lenye jina na namba ya samaki linayemhusu. Wengine wataona ni jedwali la ziada, lakini mimi naona ni heshima kwa watu ambao data ni yao.

Ingiza kurasa tatu tu kwanza. Kisha chukua kalamu, jumlisha kwa mkono kilo za ukurasa mmoja, na ulinganishe na jibu la hifadhidata. Zikitofautiana, usisonge mbele mpaka ujue ni wewe uliyekosea, au ni daftari, au ni usanifu. Baada ya hapo jaribu kuiharibu kwa makusudi: ingiza kilo hasi, ingiza safari ya chombo kisichokuwepo, futa nahodha mwenye safari. Andika katika ripoti kila jaribio na jibu ulilopata. Kurasa hizo za majaribio zina uzito mbele ya mtahini kuliko rangi zozote utakazotia kwenye fomu.

Kuuliza

Lugha ya kuulizia inaitwa SQL, na ilianzia IBM katika miaka ya 1970 mikononi mwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce. Tuseme karani anataka kujua, kwa miezi mitatu ya kaskazi, kila aina ya samaki ilitoa kilo ngapi na shilingi ngapi:

SELECT s.jina, SUM(m.kiasi) AS kilo, SUM(m.kiasi * m.bei) AS shilingi
FROM mavuno m
JOIN samaki s ON s.samaki_id = m.samaki_id
JOIN safari f ON f.safari_id = m.safari_id
WHERE m.kipimo = 'kilo'
  AND f.tarehe BETWEEN '2024-12-01' AND '2025-02-28'
GROUP BY s.jina
ORDER BY kilo DESC;

Herufi m, s na f zinasimama badala ya majina mavuno, samaki na safari, na JOIN huunganisha majedwali. Sharti la kipimo lipo ili mitungo isijumlishwe na kilo. Maneno yanayoanza na ON ndiyo yanayolinganisha namba za majedwali mawili, na ukiyasahau kila mstari wa jedwali moja utaunganishwa na kila mstari wa jedwali jingine. Vyombo 6 na safari 40 vitakupa mistari 240, na jumla zote zitavimba. Jibu likizidi ulivyotarajia, anza kukagua hapo.

Usiongeze safu ya msimu katika jedwali la safari. Kusi na kaskazi haviingii tarehe ile ile kila mwaka, na wanaojua vimeingia lini ni manahodha, si kompyuta. Tengeneza jedwali dogo la misimu lenye jina, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, uyajaze kwa kuwauliza wao, kisha swali lako litalinganisha tarehe ya safari na mipaka hiyo.

Sasa tuvirudie vile vyombo vilivyorudi bila kitu. Chukua safari 10 ambazo kwa jumla zilileta kilo 120, na 4 kati yake zilirudi tupu. Wastani wa kweli ni kilo 12 kwa safari. Kama karani hakuziandika zile nne, hifadhidata itagawanya kwa 6 na kukuambia kilo 20, na mtu atakayesoma ripoti ataamini kwamba bahari ina neema kuliko ilivyo, hasa wakati wa kusi ambapo safari tupu si jambo la ajabu. Kwa bahati njema usanifu wetu una nafasi yake: safari tupu ni mstari katika jedwali la safari usiokuwa na mstari wowote katika mavuno. Inabaki kumwomba karani aanze kuziandika, na katika swali utumie LEFT JOIN badala ya JOIN, ili safari isiyo na mavuno isidondoke njiani:

SELECT SUM(m.kiasi) / COUNT(DISTINCT f.safari_id) AS wastani
FROM safari f
LEFT JOIN mavuno m ON m.safari_id = f.safari_id AND m.kipimo = 'kilo';

Angalia kwamba sharti la kipimo limewekwa baada ya ON. Ukiliweka kwenye WHERE, safari tupu zitaondolewa tena, na hutaona tofauti yoyote isipokuwa namba kuwa nzuri kupita kiasi.

Amana ya watu

Daftari hili ni riziki ya watu. Mapato ya nahodha na namba yake ya simu ni habari zake, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inayotaka habari za mtu zichukuliwe kwa ridhaa yake au kwa msingi mwingine wa kisheria, na kwa lengo lililotajwa. Omba ruhusa kabla ya kunakili kurasa. Kama mradi wako hauhitaji namba za simu, usizichukue kabisa. Katika faili utakalowasilisha shuleni badilisha majina yawe Nahodha 1, Nahodha 2, na kuendelea, na usipeleke picha za daftari kwenye kundi lolote la simu.

Nakala za akiba weka mbili, moja kwenye flashi na nyingine kwenye kompyuta isiyo ya kwako, na kila nakala iwe na tarehe katika jina la faili. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na flashi moja tu, ikaanguka majini gatini siku mbili kabla ya kuwasilisha, na kazi ya muhula mzima ikabaki kuwa mchoro wa visanduku vitano kwenye karatasi. Aliijenga upya kutokana na mchoro huo kwa usiku mmoja, data akaikosa.

Kabla ya kuiwasilisha kazi, kaa na karani wiki moja, yeye akiandika daftarini na wewe ukiingiza kwenye kompyuta, na kila jioni mlinganishe. Lazima litazuka jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Kwetu lilikuwa mvuvi aliyeuza kamba kwa idadi, si kwa kilo wala kwa mtungo, na hifadhidata ikamkataa kwa sababu ya sharti la kipimo. SQLite tuliyoitumia haikuruhusu kubadilisha sharti la namna hiyo moja kwa moja, kwa hiyo tulitengeneza jedwali jipya la mavuno lenye vipimo vitatu, tukahamishia humo mistari ya lile la zamani kwa amri ya INSERT pamoja na SELECT, tukahesabu kuhakikisha idadi ya mistari ni ile ile, ndipo tukalifuta la zamani na kulipa jipya jina lake.